Breki ya Mkono Isiyovutwa kwa Mkono: Ufafanuzi wa Breki ya Maegesho ya Umeme katika Magari ya Gia za Mkono, kwa Kurejelea Barabara za Kyela na Mwambao wa Kaskazini wa Ziwa Nyasa

Ikisiri

Makala hii inafafanua utendaji wa breki ya maegesho ya umeme katika gari lenye gia za mkono na klachi. Mazingira ya mfano ni barabara ishukayo kutoka Tukuyu hadi Kyela pamoja na tambarare inayopakana na Ziwa Nyasa. Hoja inayojengwa ni kwamba breki hiyo si mtambo ule ule wa zamani uliobadilishiwa kishikio; ni mtambo wenye masharti yake wenyewe, na baadhi ya masharti hayo yanagongana na mazoea ya madereva wetu, hususani zoea la kuwasha gari kwa kulisukuma. Aidha, makala inajadili kwa nini istilahi "breki ya mkono" inaficha tofauti hiyo, na inapendekeza istilahi inayotaja kazi badala ya kiungo cha mwili.

1.0 Utangulizi

Barabara itokayo Uyole, karibu na jiji la Mbeya, hupanda kwanza kwenye nyanda za baridi zilizo kando ya Mlima Rungwe, hupita Kiwira na Tukuyu, kisha huanza kushuka kuelekea Ibanda. Pale hugawanyika: tawi moja huenda Kyela mjini, na jingine huendelea hadi mpaka wa Tanzania na Malawi huko Kasumulu. Kati ya Tukuyu na tambarare ya Kyela dereva hushuka takribani mita 1,000. Akifika chini hukuta mashamba ya mpunga na kakao, mito inayofurika masika, na barabara za udongo ambazo mvua hugeuza kuwa tope. Akielekea Ipinda na Matema huona Milima ya Livingstone ikiinuka karibu kabisa na maji ya ziwa. Kwa hiyo, wilaya hii humpa dereva mambo mawili yanayoijaribu breki ya maegesho kwa namna tofauti kabisa, yaani mteremko mrefu na tambarare yenye maji.

Kwa miaka mingi suala hili halikuhitaji maelezo. Hiace, Land Cruiser, Hilux na malori madogo ya mizigo yalikuja na wenzo wa chuma katikati ya viti au chini ya dashibodi, na kila aliyejifunza udereva alifundishwa kuuvuta. Hali imeanza kubadilika kutokana na magari yaliyotumika nje ya nchi. Mwaka 2001 kampuni ya BMW ilitoa gari la kifahari la Mfululizo wa 7 ambalo breki yake ya maegesho ilifungwa kwa kubonyeza kitufe. Teknolojia hiyo haikukaa muda mrefu kwenye magari ya matajiri. Renault Scénic ya mwaka 2003, Volkswagen Passat ya mwaka 2005 na Subaru Legacy ya kizazi cha tano iliyotoka mwaka 2009 zote ziliitumia, na zote zilipatikana pia zikiwa na gia za mkono. Gari la namna hiyo likifika mikononi mwa mnunuzi wa tatu au wa nne, kitabu chake cha maelekezo huwa kimepotea, au kimeandikwa kwa lugha ambayo mnunuzi haisomi. Kinachobaki ni swichi ndogo yenye alama ya herufi P ndani ya duara.

2.0 Kazi Inayotakiwa Kufanywa

Kabla ya kueleza mtambo ni vyema kueleza mzigo. Gari lenye uzito wa kilo 1,500 likisimama kwenye mteremko wa asilimia 10, yaani barabara inayoshuka mita 1 kwa kila mita 10 za mlalo, huvutwa kuelekea chini kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 150 hivi. Kwenye mteremko wa asilimia 20 nguvu hiyo hukaribia uzito wa kilo 300. Kanuni Na. 13-H ya Umoja wa Mataifa, inayohusu breki za magari madogo, hutaka breki ya maegesho iweze kulishikilia gari lililopakia mzigo wake kamili kwenye mteremko wa asilimia 20, liwe limeelekea juu au chini. Kanuni hiyo hiyo huweka ukomo kwa nguvu ya mkono wa dereva: isizidi nyutoni 400, ambazo ni sawa na kuinua kilo 40 hivi. Wenzo mrefu uliwekwa kwa sababu hii, yaani kuikuza nguvu ndogo ya mkono hadi ifikie kiwango cha kuyakaba magurudumu ya nyuma.

Katika mtambo wa zamani nguvu hiyo husafiri kwa waya wa chuma. Mkono huvuta wenzo, wenzo huvuta waya, waya hukaza breki za nyuma, na meno yaliyo chini ya wenzo huzuia usirudi. Umeme hauhusiki popote, isipokuwa kwa taa ndogo ya dashibodi.

3.0 Mtambo wa Umeme na Mfano wa Lori

Breki ya maegesho ya umeme huja kwa sura mbili. Katika sura ya kwanza waya wa chuma hubaki, ila anayeuvuta ni mota iliyofungwa chini ya gari. Katika sura ya pili, ambayo ndiyo iliyoenea zaidi, waya huondolewa kabisa, na kila gurudumu la nyuma hupewa mota yake ndogo nyuma ya kalipa. Mota huzungusha giaboksi ndogo, giaboksi huzungusha skrubu, na skrubu husukuma pistoni hadi pedi zibane diski. Kompyuta ndogo huamua lini mota izunguke na isimame lini.

Sifa inayopaswa kukaziwa hapa ni ya skrubu hiyo. Imechongwa kwa namna ambayo mota huweza kuizungusha, lakini msukumo wa pistoni hauwezi kuirudisha. Breki ikishakaza, umeme hauhitajiki tena ili iendelee kushika. Dereva anayehofu kwamba betri ikifa usiku gari litateremka lenyewe hana sababu ya kuhofu. Hofu halali ni ya upande wa pili: betri ikifa, breki iliyokaza haiwezi kuachia.

Madereva wa malori yanayopanga foleni Kasumulu wanaweza kuielewa tofauti hii haraka kuliko mtu yeyote, kwani wao huishi na mfano wa tatu. Katika lori zito lenye breki za upepo, breki ya maegesho hukazwa na springi kali, na upepo ulioshindiliwa ndio unaoizuia springi hiyo isifanye kazi. Upepo ukivuja, springi hushinda na lori hukwama. Tukiilinganisha mitambo hii mitatu kwa swali moja, yaani nini hutokea pale nguvu inapokosekana, majibu ni haya: breki ya wenzo haijali, kwa kuwa haikuwahi kutegemea chochote ila mkono, breki ya lori hukaza, breki ya umeme hubaki pale ilipokuwa. Kama ilikuwa imefungwa hubaki imefungwa, na kama ilikuwa wazi hubaki wazi. Kwa mtazamo wa makala hii, sentensi hiyo ya mwisho ingefaa kuwa ya kwanza kufundishwa kwa yeyote anayekabidhiwa gari la namna hii.

4.0 Kwa Nini Klachi Huleta Ugumu

Katika gari la otomatiki mambo ni mepesi. Kompyuta inajua gia iliyochaguliwa, na gari lenyewe huanza kuvuta mara tu dereva anapoondoa mguu kwenye breki. Katika gari la gia za mkono kompyuta haina mamlaka juu ya klachi. Mguu wa kushoto wa dereva ndio unaojua ni wakati gani injini imeshikana na magurudumu, na kompyuta hulazimika kukisia.

Tuangalie kwanza namna dereva alivyofanya kwa wenzo. Amesimama kwenye mwinuko, gari limeelekea Tukuyu. Ametia gia ya kwanza, mkono wa kushoto umeshika wenzo, mguu wa kushoto unaachia klachi polepole huku wa kulia ukiongeza mafuta. Husikiliza injini ikibadili sauti, huhisi pua ya gari ikiinuka kidogo, ndipo mkono hushusha wenzo. Madereva wengi huita kitendo hiki kubalansi. Uzuri wake ni kwamba wenzo huachiliwa kidogokidogo, na mkono unaoachia na mguu unaobalansi ni vya mtu mmoja mwenye hisia moja.

Swichi ya umeme haina kidogokidogo. Breki imefungwa au imeachia. Zaidi ya hapo, ili kuifungua kwa swichi, magari mengi hudai kwanza pedali ya breki ikanyagwe. Sharti hili lina busara yake, maana humzuia mtoto aliyeachwa garini asilifungulie gari mteremkoni kwa kuchezea kitufe. Lakini kwa dereva wa gia za mkono aliye mwinukoni matokeo yake ni kwamba ile njia ya zamani imefungwa. Mguu wa kulia hauwezi kukanyaga breki na mafuta kwa wakati mmoja, hivyo hawezi kubalansi huku akifungua kwa kidole. Anayejaribu kufanya hivyo kwa haraka, yaani kufungua breki kisha kurukia mafuta, ndiye anayerudi nyuma na kumgonga aliye nyuma yake.

Watengenezaji walikusudia jambo lingine, nalo ni kutoigusa swichi kabisa. Injini ikiwa inaunguruma, dereva hukanyaga klachi hadi chini, hutia gia, huongeza mafuta kiasi, kisha huachia klachi kama kawaida. Kompyuta husoma mahali pedali ya klachi ilipofika, husoma nguvu ya mzunguko inayotoka kwenye injini, na husoma sensa ya mwinamo inayoieleza barabara imepanda kiasi gani. Nguvu ya injini inapotosha kulizuia gari lisirudi, mota hufungua breki. Kwa dereva aliyezoea, inahisi kama mtu wa tatu garini ameshusha wenzo kwa wakati mwafaka.

Palipo na makisio pana makosa. Klachi iliyokwisha hushika mahali tofauti na ile mpya, na gari lililokuja hapa likiwa limetembea kilomita nyingi mara nyingi lina klachi ya namna hiyo. Mifumo mingi huweza kujirekebisha kadiri klachi inavyokwisha, lakini klachi inayoteleza humpa mtambo taarifa ya uongo: injini inanguruma kwa nguvu ilhali nguvu hiyo haifiki kwenye magurudumu. Breki ikiachia mapema gari hurudi nyuma. Ikichelewa, dereva huunguza klachi akidhani gari limekosa nguvu.

Kuna masharti mengine mawili ambayo katika mazingira yetu yana uzito kuliko inavyodhaniwa. Katika magari kadhaa, breki haijiachii yenyewe mpaka mlango wa dereva uwe umefungwa na mkanda uwe umefungwa pia. Sasa, dereva anayefunga mkanda pale tu anapomwona askari wa usalama barabarani, na aliyezoea kurudi nyuma kwenye uwanja wa tope akiwa ameacha mlango wazi ili aone tairi la nyuma, atakuta gari halitoki. Atakachofanya ni kuongeza mafuta. Gari si bovu. Linamngoja atimize sharti ambalo hakuna aliyemweleza.

5.0 Mteremko: Diski za Moto

Kushuka kutoka Tukuyu hadi Ibanda kwa kutegemea pedali ya breki badala ya gia ndogo hupasha diski joto kali. Chuma chenye joto hutanuka. Dereva anayesimama Ibanda kununua ndizi na kufunga breki ya maegesho papo hapo, huikaza dhidi ya diski iliyotanuka. Diski inapopoa hunywea, na mkazo wa pedi hupungua. Gari lililosimama imara dakika ya kwanza laweza kuanza kuteremka baada ya dakika kadhaa, pasi na mtu ndani yake. Dereva makini wa gari la wenzo huvuta meno zaidi ya kawaida, na huliacha gari kwenye gia ili mgandamizo wa injini usaidie kulizuia: gia ya kwanza kama limeelekea juu, gia ya nyuma kama limeelekea chini. Utingo, kama yupo, huchomeka jiwe au kabari ya mti nyuma ya tairi.

Mtambo wa umeme umelifikiria jambo hili. Katika magari mengi kompyuta hukadiria joto la diski kutokana na jinsi breki zilivyotumika, na baada ya muda huiamuru mota ikaze tena, hata kama dereva amekwisha kuzima gari na kuondoka. Mtu aliye karibu husikia mlio mfupi wa mota kutoka upande wa nyuma wa gari lisilo na mtu. Mlio huo hauna ubaya. Fundi anayekata waya ili kuunyamazisha anaondoa kinga iliyowekwa mahsusi kwa miteremko kama hii.

Hata hivyo, mkazo wa pili hauondoi haja ya gia. Gari la gia za mkono likizimwa likiwa halina gia, breki ya maegesho hubaki mlinzi pekee. Hakuna kifungio cha giaboksi kama kile cha herufi P katika otomatiki. Ni kinaya kidogo kwamba alama ya P iliyo kwenye swichi humfanya mtu aliyewahi kuendesha otomatiki adhani amefunga vyote viwili.

Swichi hiyo ina kazi nyingine pia. Breki ya pedali ikishindwa gari likiwa katika mwendo, kuvuta swichi na kuishikilia bila kuiachia huamuru kusimama kwa dharura. Katika magari mengi, gari likiwa na kasi, kompyuta haitumii mota za nyuma peke yake bali hutumia mfumo wa breki wa magurudumu yote manne huku ukizuia magurudumu yasijifunge. Kwa upande huu mtambo mpya ni salama kuliko wenzo, kwani wenzo ukivutwa kwa pupa kwenye kona yenye utelezi hufunga magurudumu ya nyuma na kulizungusha gari. Sharti ni kuishikilia: kuigusa mara moja na kuiachia hakutoshi.

6.0 Tambarare: Betri na Kusukuma

Huko chini, tatizo si mwinuko. Gari linaposimama siku kadhaa wakati wa masika, betri iliyochoka hufa. Kwa mwenye gari la gia za mkono dawa inajulikana na haina gharama: vijana wanne husukuma, dereva anatia gia ya pili, anaachia klachi, injini inawaka. Wengi huchagua gari la gia za mkono kwa sababu hiyo hasa.

Kwa breki ya maegesho ya umeme dawa hiyo inaweza kukosekana. Betri ikiwa imekufa kabisa na breki ikiwa imefungwa, swichi haina umeme wa kuamuru, mota hazizunguki, na magurudumu ya nyuma yamekabwa. Vijana wanne hawatalisogeza gari. Wakilazimisha kwa trekta wataburuza matairi na kuharibu mota. Tatizo huongezeka katika magari ambayo breki hujifunga yenyewe kila injini inapozimwa, maana dereva hahitaji hata kukumbuka kuifunga ili akwame. Njia sahihi ni kuazima umeme wa betri ya gari jingine kwa waya, kufungua breki, kisha kuwasha. Na kwa kuwa umeme umekwisha kupatikana, kusukuma hakuna haja tena. Baadhi ya magari yenye mota inayovuta waya yana kishikio cha dharura kilichofichwa kwenye sehemu ya mizigo. Yale yenye mota kwenye kalipa kwa kawaida hayana, na fundi hulazimika kuifungua mota na kuzungusha skrubu kwa mkono, tairi likiwa limezuiwa kwa kabari kwanza.

Hivyo, mnunuzi anayechukua gari la gia za mkono kwa matumaini ya kulisukuma huko Ipinda au Matema, mbali na gereji, anapaswa kuangalia kama kuna wenzo au swichi kabla ya kulipa. Swichi ikiwepo, waya wa kuazimia umeme si anasa. Na gari likiegeshwa siku nyingi kwenye ardhi tambarare kabisa, ni busara kuliacha kwenye gia na kabari, breki ikiwa wazi, pale gari linaporuhusu hivyo; huepusha pia pedi kugandamana na diski kwa kutu, jambo la kawaida penye unyevu mwingi.

Gereji nayo ina sehemu yake. Kubadilisha pedi za nyuma katika gari la zamani kulihitaji kurudisha pistoni kwa kuisukuma au kuizungusha. Katika kalipa yenye mota, skrubu ipo nyuma ya pistoni, na kuisukuma kwa jeki huvunja giaboksi ndogo. Mota huamriwa kwanza kurudi nyuma kwa kifaa cha uchunguzi au kwa utaratibu maalumu wa gari husika, ndipo pistoni hurudishwa.

7.0 Suala la Istilahi

Kiswahili cha barabarani kina majina mawili: breki ya mkono na handibreki. Yote yanataja kiungo kinachotenda, si kazi inayotendwa. Jina la namna hiyo halikuwa na kasoro pale mkono ulipokuwa sehemu ya mtambo. Leo linazaa mkanganyiko maradufu, kwani twasema "gari la gia za mkono" kwa maana ya gia zinazobadilishwa na dereva mwenyewe, kisha tunalazimika kusema kwamba gari hilo la mkono halina breki ya mkono. Msikilizaji anaweza kuelewa kwamba halina breki ya maegesho hata kidogo.

"Breki ya umeme", inayosikika pengine, haifai zaidi. Inataja chanzo cha nguvu, na inaweza kuchanganywa na namna magari yanayotumia umeme yanavyopunguza mwendo kwa mota zao. Makala hii inapendekeza "breki ya maegesho" kuwa istilahi jumuishi, ambayo chini yake huja breki ya maegesho ya wenzo, ya springi na ya umeme. Istilahi hiyo inakidhi mitambo yote mitatu iliyolinganishwa katika sehemu ya 3.0, na inampa mwalimu wa udereva mahali pa kuanzia kutofautisha.

Pingamizi linalotarajiwa ni kwamba watu wataendelea kusema handibreki. Bila shaka wataendelea. Bado tunakata simu ilhali hakuna waya unaokatwa, na hakuna anayepotoka kwa kusema hivyo. Tofauti ni kwamba anayekata simu asiyoielewa hapati hasara, ilhali anayesikia "vuta handibreki" akiwa nyuma ya usukani wa gari lenye swichi hupewa kitenzi kimoja kwa matendo mawili: kuvuta kwa nguvu kadiri ya mteremko, au kuvuta kwa kidole na kuachia. Kwa lugha ya mazungumzo jina la zamani linaweza kubaki. Kwa vitabu vya mafunzo ya udereva, tafsiri za maelekezo ya magari na mabango ya gereji, jina la kazi ndilo linalofaa, likiambatana na sentensi inayosema nini hutokea umeme ukikatika.